Kiti kitupu ni kaunti nzima

Jumanne ikifika saa nane na robo huwa nishakula, nishanawa, na simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo. Saa nane unusu Seneti ya Kenya, lile bunge la kaunti, inaingia. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, haina mngurumo, kwa hiyo nasikia kila kitu: viti vinavyovutwa, mtu anayekohoa karibu na kipaza sauti, sauti ya kumtangaza Spika. Halafu dua. Wateja wangu wa hapa Malindi wameshanijua. Mtu akinikuta kwenye dua husimama mlangoni na kitambaa chake mkononi mpaka iishe, ndipo aseme hodi.

Baada ya dua ndipo moyo wangu huanza kwenda mbio. Spika humuuliza karani kama akidi imetimia. Akidi ya Seneti ni maseneta 15, katiba imesema. Wakiwa pungufu, kengele inapigwa, na inaweza kulia hadi dakika kumi huku wakisubiriwa walioko korido. Kengele hiyo mimi naijua kama ninavyoijua adhana. Ikilia, nasimamisha mguu. Siwezi kushona huku nikihesabu watu nisiowaona.

Nilianza kuisikiliza Seneti mwaka 2020, wakati wa korona. Harusi zilikuwa zimesimama, shule zimefungwa, oda za sare hakuna. Nilikuwa nashona barakoa za shilingi 50, moja baada ya nyingine, kutwa nzima, na redio ndiyo iliyokuwa mwenzangu. Nikasikia maseneta wanagombana juu ya fomula ya kugawa pesa za kaunti. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya hesabu za wakubwa. Halafu nikasikia Tana River inatajwa, nikaongeza sauti.

Mama yangu anaishi Tana River, kijiji cha kando ya mto, upande wa delta. Zahanati yao ina chumba cha sindano, chumba cha akina mama, na muuguzi mmoja ambaye nikimpigia simu kumuuliza hali ya mama hunijibu kwanza hali ya dawa. Kuna miezi pesa za kaunti huchelewa. Kwenye miezi hiyo mama huenda kupimwa presha, anapimwa vizuri kabisa, kisha anaambiwa vidonge hakuna, akanunue. Duka la dawa lenyewe liko mbali, na mvua ikinyesha barabara haipitiki. Kwa hiyo neno "mgao" kwangu lina sura: ni mama amekaa kwenye benchi la zahanati na karatasi iliyoandikwa dawa ambayo haipo.

Fomula yenyewe niieleze kidogo, maana nimegundua watu wengi wanaitaja bila kuijua. Kila miaka mitano Seneti huamua ni vigezo gani vitatumika kugawa pesa za kaunti 47. Fomula iliyokuwepo kabla ya 2020 iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, na asilimia 26 ilikuwa fungu la usawa, yaani kila kaunti inapata sawa, kubwa kwa ndogo. Umaskini asilimia 18, ukubwa wa ardhi asilimia 8. Ubishi ulikuwa hivi: wapo waliotaka pesa zifuate watu, mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Na wapo waliosema mkifanya hivyo, kaunti za Kaskazini na Pwani zitanyang'anywa mabilioni ambayo tayari zimeyapangia kazi.

Nairobi kwa sensa ya 2019 ina watu 4,397,073. Tana River ina 315,943. Lamu, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote kwa watu, ina 143,920. Ukizitazama nambari hizo peke yake, hoja ya shilingi moja inaonekana ya haki, na sina ugomvi na mtu wa Nairobi anayesema foleni yake hospitalini ni ndefu. Ni kweli ni ndefu. Lakini Tana River ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Zahanati ya watu 400 inahitaji ukuta uleule, friji ileile ya chanjo, muuguzi yuleyule. Tena yule muuguzi anahitaji mashua mto ukifurika. Hakuna nusu ya friji. Hilo ndilo nililokuwa nikiwaambia wateja, nao wakinijibu, mpaka ikawa kila anayekuja kuchukua barakoa anauliza kwanza, "Vipi, wamepitisha?"

Hawakupitisha. Walikaa, wakaahirisha, wakakaa, wakaahirisha, karibu mara kumi. Tarehe 17 Agosti 2020, siku ambayo kura ilitarajiwa, asubuhi tukapata habari kwamba maseneta watatu wamekamatwa na polisi: Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Langat wa Bomet, na Steve Lelegwe wa Samburu. Sikushona siku ile. Nilikaa na uzi mkononi. Watatu ni wachache katika watu 67, lakini katika kura ya kaunti watatu ni kaunti tatu nzima, na nilielewa siku hiyo, kuliko siku nyingine yoyote, kile ninachotaka kukisema hapa.

Seneti ina maseneta 47 waliochaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, na 20 walioteuliwa na vyama: wanawake 16, vijana wawili, na wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu. Wote wanaongea. Lakini jambo likiwa linahusu kaunti, kila kaunti ina kura moja tu, na anayeipiga ni yule aliyechaguliwa, kiongozi wa ujumbe wa kaunti yake. Asipokuwepo, awe amempa mwenzake wa ujumbe idhini ya kupiga kwa niaba. Asipofanya hivyo, kaunti yake haipo. Haijalishi ina watu milioni nne au laki moja na nusu. Na jambo halipiti mpaka kaunti 24 ziseme ndiyo. Bunge la Taifa lina watu 349, mmoja akikosekana hamna atakayejua. Seneti mmoja akikosekana, karani anasoma jina, anasoma na kaunti, na kinachojibu ni kimya. Kile kimya mimi hukisikia kwenye simu. Kina urefu wake.

Basi, mwaka ule waliunda kamati ya maseneta 12, wakaongozwa kwa pamoja na Moses Wetang'ula na Johnson Sakaja, na tarehe 17 Septemba wakakubaliana wote. Idadi ya watu ikashuka hadi asilimia 18, fungu la usawa likawa asilimia 20, afya ikapewa 17, umaskini 14, kilimo 10, barabara na ardhi 8 kila moja, miji 5. Fomula ikangoja mwaka wa fedha wa 2021/22, na pesa za kaunti zote zikapandishwa kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370 ili pasiwe na kaunti itakayopata pungufu ya ilichokuwa inapata. Nilimpigia mama nikamwambia hawatapunguziwa. Akaniuliza kama dawa zitakuja wiki hiyo. Nikamwambia, mama, hilo sijui.

Wateja huniuliza tofauti ya ile miswada miwili ya pesa, maana kila mwaka inasikika karibu mwezi mmoja. Mimi huwaonyesha kwa jora. Jora ni moja, hilo ndilo pato la nchi. Mkato wa kwanza ni Mswada wa Ugavi wa Mapato: hiki cha serikali kuu, hiki cha kaunti zote kwa pamoja. Katiba inasema kipande cha kaunti kisipungue asilimia 15 ya mapato, na mapato yenyewe ni yale ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa. Kwenye mkato huu ndipo Seneti na Bunge la Taifa wanapovutana, kila mwaka, kitambaa kiko katikati. Mwaka 2024 ilikubaliwa kaunti zipate bilioni 400.1, kisha Mswada wa Fedha ukaondolewa baada ya maandamano ya vijana, serikali ikataka kupunguza hadi 380, Seneti ikakataa, na kamati ya maridhiano ikatua kwenye 387.4. Mwaka 2025 Bunge la Taifa lilisema 405.1, Seneti ikasema 465, wakamalizia 415. Mkato wa pili ni Mswada wa Mgao wa Mapato ya Kaunti: sasa kile kipande cha kaunti unakikata mara 47, na fomula ndiyo kipimo, ndiyo tepu. Ukikosea tepu, hata mkasi uwe mkali namna gani, nguo haitamkaa mtu.

Mimi naona Seneti inasikika sana siku gavana anapong'olewa au ilipoisikiliza kesi ya kumng'oa naibu wa rais Oktoba 2024, siku hizo kila mtu ana maoni. Siwalaumu. Lakini Jumatano ya kawaida, waziri anapoitwa kujibu maswali, au Alhamisi jioni, mjadala wa mswada ukiwa kwenye hatua ya kusomwa mara ya pili na ukumbi umebaki na watu wachache, hapo ndipo pesa za benchi la mama yangu zinapoamuliwa, na hakuna anayetazama.

Mwaka jana nilipanda basi kwenda Nairobi kwenye mahafali ya binti wa dada yangu, nikabaki siku moja zaidi ili niende kuiona. Langoni unaacha kitambulisho, unakaguliwa, simu haiingii ukumbini. Nikakaa juu, kwenye roshani ya wageni. Nilichokuwa nikisikia kwa miaka ghafla kikawa na rangi: viti vyekundu, zulia jekundu. Ukumbi ni mdogo kuliko nilivyodhani. Seneta akiegemea kumnong'oneza mwenzake unaona.

Aliingia afisa na siwa begani, Spika nyuma yake. Wengine huiita rungu la Spika, mimi napenda siwa, maana ni neno la kwetu. Siwa ya Pate, kule visiwa vya Lamu, ilichongwa kwa pembe za ndovu, na ilipopulizwa watu walijua jambo la utawala linafanyika. Hii ya Bunge haipulizwi, inalazwa mezani, na ikishalazwa kikao kimeanza. Kikao kikigeuka kuwa Kamati ya Seneti Nzima, kupitia mswada kifungu kwa kifungu, Spika huacha kiti chake, na siwa inashushwa chini ya meza. Nilikuwa nikisikia kwenye simu "kifungu cha tatu, kifungu cha nne" kwa kasi nikidhani wanaharakisha. Kumbe ubishi wenyewe mwingi umeshamalizika kwenye kamati, na pale wanaulizwa tu, ndiyo au la.

Karibu nami walikaa watoto wa shule ya msingi moja, sweta za bluu. Spika akawatangaza kama kawaida, wakasimama, maseneta wakapiga meza kuwakaribisha. Msichana aliyekuwa mbele yangu sketi yake ilikuwa imeshushwa upindo mara mbili, mistari miwili ya mikunjo ya zamani ilionekana wazi, na ule upindo wa tatu ulishonwa kwa mkono kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijivu. Mama yake alitumia uzi aliokuwa nao. Nilimtazama yule mtoto amesimama wima, ametoa kidevu mbele, chumba kizima kinampigia meza, machozi yakanilenga.

Kisha ikaja kura. Mswada uliokuwa mezani ulihusu kaunti. Mjadala ulikuwa mzuri. Seneta mmoja alichangia kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na ndivyo kanuni zinavyotaka, ukianza kwa lugha moja unamalizia kwa lugha hiyohiyo. Kiswahili kikiingia ukumbini, kule dukani kwangu hata mtu aliyekuja kubadilisha zipu hukaa. Mohammed Faki wa Mombasa amewazoesha wateja wangu vibaya, akisimama wanataka nisimamishe mguu wasikie vizuri.

Mjadala ulipofungwa nikajiweka sawa nisikie majina. Nilikuwa nimehesabu vichwa kutoka juu, nikahesabu tena. Hawakufika 24 wenye kura. Waliokuwepo wengine walikuwa wateule, ambao wameongea vizuri kabisa lakini kura hiyo si yao. Spika akasema kura imeahirishwa hadi kikao kingine, karani akaita jambo linalofuata kwenye ratiba. Basi. Kazi ya alasiri nzima ikawekwa kando kama nguo iliyokwisha kushonwa ikakosa mwenyewe wa kuichukua.

Kaunti zilizokosekana sizitaji hapa. Kuna maseneta waliokuwa safarini na kamati, kuna wagonjwa, na mimi sikuwa na njia ya kujua nani ni nani. Lakini ukiwa juu pale unaona viti. Kila kiti kitupu kina mtu kama mama yangu nyuma yake, ambaye siku hiyo hakuwa na mtu wa kusema ndiyo wala la. Nilitaka kushuka nikakae.

Nchi hii ilishawahi kuipoteza Seneti, na hilo watoto wetu hawalijui. Ile ya kwanza ilianza 1963, watu 41, na Spika wake alikuwa Timothy Chokwe wa hapa Pwani. Desemba 1966 ikavunjwa, ikaunganishwa na bunge la chini, na ikachukua miaka 46 na miezi kadhaa mpaka nyingine ikakaa, 2013. Spika wa sasa, Amason Kingi, naye ni wa Pwani, alikuwa gavana wetu hapa Kilifi. Nalisema kwa sababu nasikia watu wakisema Seneti ni gharama tu, ifutwe. Wanaosema hivyo aghalabu wanatoka penye watu wengi. Mtu wa Lamu hawezi kulisema hilo akiwa amefikiri.

Kuna mzee mmoja mgema, kila baada ya miezi miwili huniletea suruali ile ile niitie kiraka magotini, maana shina la mnazi linakula nguo. Alinikuta nikisikiliza habari za mswada wa kuendeleza minazi, ule wa mwaka 2023. Akatulia. Nikamweleza kwamba unataka kuwe na bodi ya minazi na utaratibu wa leseni.

"Leseni ya nani, mwanangu? Ya anayepanda, anayekwea au anayeuza?"

Nikamwambia hilo ndilo la kuwauliza wao. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza unakwenda kwenye kamati, na kamati hutangaza kwamba mwananchi anaweza kuandika maoni yake. Akasema yeye hawezi kuandika. Nikafuta chaki kwenye meza ya kukatia, nikachukua daftari la vipimo, nikafungua ukurasa baada ya vipimo vya kanzu ya bwana harusi. Akasema, nikaandika. Alisema minazi mingi ya hapa ni mizee, ilipandwa na babu zao, na miche mizuri ni shida kupata. Alisema mgema akianguka hana bima wala wa kumpeleka hospitali. Alisema wakweze bei ya nazi, lakini mtu wa miti mitatu nyuma ya nyumba asidaiwe karatasi. Ukurasa mmoja na nusu. Mwisho akaweka dole gumba kwa wino wa muhuri wangu wa risiti, nikapiga picha, nikatuma kwa karani wa Seneti kwa barua pepe.

Akaniuliza Kilifi ina kura ngapi kule ndani.

"Moja, mzee."

"Na Nairobi?"

"Moja."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Moja na moja!" Akairudia akitoka, akaniachia suruali.

Tangu siku hiyo hapiti dukani bila kuuliza kama barua yake imesomwa. Namwambia mambo ya kamati hayaonyeshwi yote kwenye simu, nasikiliza ya ukumbini, nikisikia neno minazi nitamtumia mtu. Juma lililopita alikuja Jumanne, kwa makusudi, saa nane na dakika ishirini, bila suruali. Nikamsogezea kigoda. Dua ikasomwa, tukasema amina. Karani akaulizwa akidi. Kengele ikaanza kulia, nami nikasimamisha mguu, tukakaa sote wawili tunasubiri.